Chumvi ya Mama

Nesi alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha. Kuna uchovu mtu akilala unaisha. Huu wake ulikuwa umehamia kabisa, umepanga chumba na kutundika pazia. Zamu ya usiku ilimwachia miguu iliyovimba na macho yanayowasha, na badala ya kwenda kwake akalale kama watu wenye akili zao, mchana huo wa Jumapili alikuwa amesimama jikoni kwa mchumba wake, ghorofa ya nne, anakamua machungwa.

Mapenzi, jamani! Yanamtoa mtu kitandani.

Sufuria tatu zilikuwa motoni. Moja ya mtama, moja ya mchele wa kahawia, moja ya dengu. Ndani ya oveni vipande vya boga na karoti vilikuwa vinaanza kujikunja pembeni. Ndivyo alivyofanya kila Jumapili: anapika mara moja chakula cha wiki nzima, anakigawa kwenye makontena, anakipanga kwenye friji, na Fundi, mchumba wake, kila asubuhi anabeba lake kwenda kazini. Chini nafaka, juu yake mboga, kisha kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba na mbegu za maboga za kutafuna. Sosi inakaa peke yake kwenye kichupa, haimwagwi mpaka mtu yuko tayari kula, la sivyo chakula kinalowana na katikati ya wiki hakitazamiki.

"Na huu ndio mchuzi wenyewe?" aliuliza Mama.

Mama huyu alikuwa mama yake Fundi, mkwe mtarajiwa, aliyekuja kukaa na mwanawe siku chache kabla familia mbili hazijakutana kupanga harusi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alikuwa amezoea mwiko unaomfika kifuani na sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani. Sasa alikuwa ameketi kwenye stuli pembeni ya friji, mikono kaikunja, anamwangalia Nesi kama anavyoangaliwa mtu kwenye usaili.

"Ni sosi, Mama. Juisi ya machungwa na limau, tangawizi, kitunguu saumu, asali kijiko kimoja, mafuta ya zeituni kidogo. Halafu unakuna ganda la chungwa, maana harufu yote iko huko."

"Ganda! Sisi ganda tulikuwa tunatupa."

"Sasa tunalila, Mama. Maisha yamepanda."

Alitania tu, apate hata tabasamu. Hakulipata. Mama alichovya kidole kwenye bakuli, akaonja, uso ukakunjamana.

"Chumvi iko wapi?"

"Hii haina chumvi. Ule ukali wa limau ndio unashika nafasi yake."

"Limau linashika nafasi ya chumvi," Mama alirudia taratibu, kama mtu aliyeambiwa paka kapewa kazi ya kulinda maziwa. "Haya. Mimi sina maneno mengi, binti yangu."

Alikuwa nayo mengi, na yote yalitoka. Kwamba mwanawe amepungua, suruali inashikiliwa na mkanda. Kwamba alipofungua friji kumtafutia mtoto kitu cha kula alikuta vikasha vimepangwa kama dawa, ndani chakula cha ndege, tena cha baridi. Kwamba yeye alishalisha watoto wa watu wakanenepa, leo wa kwake analishwa mtama na maganda. "Shangazi zake wakiniuliza mkwe wetu anapika nini, nijibu nini? Niseme anapika mara moja kwa wiki kama anapiga pasi?"

Nesi alisogea kwenye sinki akafungua maji, apate kisingizio cha kugeuka. Alikuwa na sentensi moja tu ya kumaliza maneno yote hayo. Maneno manne, matano. Mama, mwanao ana presha. Lakini sentensi hiyo haikuwa yake. Kazini walifundishwa hivyo na yeye aliamini hivyo: ugonjwa ni wa mgonjwa, na wa kuutangaza ni mwenyewe.

Na huyu mwenyewe sasa! Walikutana hospitalini alipokuja kutengeneza lifti. Mwanaume mrefu, mchafu wa grisi mpaka masikioni, mwenye kicheko cha kuambukiza watu. Nesi alipita na kipimo cha presha, naye akanyoosha mkono. "Nipime na mimi, dada. Kila ukipita moyo unanienda mbio." Nesi alicheka, akamfunga kile kitambaa, akakijaza hewa. Kisha akaacha kucheka. Akampima tena mkono wa pili. Ule utani wa korido ndio uliomfikisha kwa daktari, na daktari hakuzunguka: dawa kila siku, mazoezi, na chumvi ukaisahau.

"Mama asijue," Fundi alimwambia siku hiyo hiyo, hata kabla hajamwomba namba ya simu. Baba yake alikufa kwa kiharusi, kwa presha hiyo hiyo. "Neno lenyewe tu akilisikia anatetemeka. Nikimwambia nitamuua."

Basi Nesi akanyamaza. Akajifunza kupika bila chumvi chakula ambacho mtu anakitamani, akajaribu limau, akajaribu siki, mpaka siku Fundi alipolamba kifuniko cha kichupa akasema, "Hii hapa. Kwa hii naishi mpaka mvi." Siku hiyo Nesi alijua kwamba atampenda mwanaume huyu mpaka basi. Ila alipovishwa pete alimwambia wazi: "Kwa mama yako siingii na siri. Mwambie kabla ya kikao cha familia." Fundi akaapa atamwambia Mama akija, Ijumaa, wakiwa wawili. Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Leo alikuwa ameitwa kwenye jengo moja watu wamekwama ndani ya lifti, akaondoka mbio na begi la spana, na kwa jinsi alivyokimbia ungedhani aliyekwama ni yeye.

Nafaka ziliiva. Nesi alizichuja, akazitandaza kwenye masinia matatu juu ya meza ili zipoe. Hapo haraka haisaidii. Ukifunika nafaka ya moto inatoka jasho ndani ya kontena, na kufika keshokutwa imechacha.

"Nenda kajinyooshe kidogo," Mama alisema ghafla, sauti imelegea. "Umesimama hapo unayumba. Nitaangalia mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza Mama kumwambia neno la huruma. Nesi alitaka kulia kwa hilo tu. Alijitupa kwenye kochi sebuleni, akafumba macho, usingizi ukambeba palepale.

Aliamshwa na vifuniko vikigongana. Aliporudi jikoni akamkuta Mama amesimama mbele ya masinia, mikono mbele, ana furaha ya mtu aliyefunika zawadi. Nesi akachota punje chache za mtama kama kawaida yake kabla ya kupakua, akatia mdomoni.

Chumvi. Akaonja mchele. Chumvi. Dengu ndiyo usiseme.

"Mama, umeweka nini?"

"Nimekuokoa, mwanangu. Siwezi kukaa nikaona unaaibika. Nimechanganya vizuri, nimenyunyiza kila pembe. Na ule mchuzi wako nao nimeutia kidogo, sasa unalika. Onja!"

"Mama..."

"Si lazima umwambie. Yeye atajua ni wewe. Mimi sitaki sifa."

Angemkasirikia vipi? Mama wa watu alikuwa ameketi na hofu ya mwanawe kupungua, akatafuta kitu cha kumpa, akampa kile alichokuwa nacho mkononi tangu ujana wake.

Mlango ulifunguliwa. Fundi aliingia anahema, begi begani. Lifti ya jengo lake ilikuwa imekufa tangu zamani, mwenye nyumba hataki kununua vifaa, na majirani hawakuchoka kumcheka fundi lifti anayepanda ngazi. "Kinyozi hajinyoi," huwajibu. Leo hakuwa na utani. Alimtazama Nesi, akamtazama Mama, akajua kuna jambo.

"Umerudi, baba?" Mama alikuwa tayari na bakuli. Mtama, boga juu, kabichi, na sosi kaimwaga kwa ukarimu wa mpishi wa shule. "Kaa ule. Leo chakula kimekubali."

"Usikile," alisema Nesi.

"Asile kwa nini?" aliuliza Mama.

Nesi hakumjibu yeye. Alimtazama Fundi machoni, akamtazama kwa upendo wote aliokuwa nao na uchovu wote aliokuwa nao. "Mama ametia chumvi. Masinia yote na sosi. Mwambie Mama kwa nini usile."

Alikuwa amemfungulia mlango mpaka mwisho. Kilichobaki ni mtu kupita. Fundi alilamba midomo. Jasho la ngazi lilikuwa linamtiririka kwenye shingo, na pale shingoni mshipa ulikuwa unadunda, Nesi akauona.

"Ah, Nesi," alisema hatimaye, anacheka kicheko kisichofika popote. "Kidogo tu haiui."

Akavuta kiti. Akaketi. Akachukua kijiko akala, akatafuna, akameza.

"Tamu, Mama."

Nesi alimwangalia akila kijiko cha pili. Wodini alishawapokea wanaume wengi, nusu ya mwili imelala, mdomo umekwenda upande, na kila mmoja ana mtu pembeni ya kitanda anayerudia maneno yale yale: sisi hatukujua. Alikuwa akiwahurumia watu wale. Leo aliwaonea wivu. Wao angalau hawakujua. Haikuwa hasira aliyoihisi. Ilikuwa huzuni tupu.

Alinyanyua sinia la kwanza akalimwaga lote kwenye pipa la taka. Halafu la pili.

"Unamwaga chakula!" Mama alipiga kelele. "Mbele yangu! Chakula nilichokigusa mimi! Wewe msichana, nimekukosea nini?"

"Nesi!" Fundi alisimama, kijiko bado mkononi. "Umezidi sasa. Muombe Mama radhi."

Nesi aliliweka sinia mezani. "Niombe radhi mimi?"

"Muombe tu. Yaishe."

Akamgeukia Mama. "Nisamehe, Mama. Mkono wako haukukosea kitu." Akavua aproni, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakubamiza mlango, hakuwa na nguvu ya kuubamiza.

Fundi alimkuta kwenye ngazi, chini ya ghorofa ya tatu, ameketi kwa sababu miguu ilikataa. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono. Mikono yake ilikuwa na grisi, ya Nesi ilikuwa na harufu ya machungwa.

"Nitamwambia," alinong'ona. "Naapa. Baada ya kikao."

"Ulisema kabla."

"Mpenzi wangu, wewe unajua alivyomzika baba. Nataka nimpe siku moja ya furaha tu, harusi ipite. Wewe ni jasiri, wewe unaweza kuvumilia maneno yake. Yeye hawezi kuvumilia hili."

"Nani kakwambia mimi naweza?"

Fundi alizidi kumbana mikono.

"Nauliza kweli. Nani kakwambia? Mimi kila siku nashinda na wagonjwa, nikitoka huko nakuja kukupikia usiwe mmoja wao. Nikimaliza natukanwa kwa kukupikia. Nanyamaza, nasema haya, ananipenda, ataniona. Leo umekula ile chumvi unanitazama usoni. Halafu ukaniambia niombe radhi." Machozi yalikuwa yanashuka bila kelele, hakuyafuta. "Mimi sijachoka kukupenda. Nimechoka kuwa ukuta wako."

"Nesi, tafadhali..."

"Mnanong'ona nini huko?"

Mama alikuwa juu yao, ameshika reli ya ngazi. Alikuwa ameshuka bila viatu. Alimtazama mwanawe aliyechuchumaa, akamtazama mchumba anayelia, na uso wake ule wa ukali ukaanza kubadilika.

"Nimekaa pale najiuliza," alisema. "Msichana aliyepika kwa shida yote ile hawezi kumwaga kwa jeuri. Niambie, baba. Unaumwa?"

"Hapana, Mama. Niko mzima."

Jibu lilitoka haraka, bila kupepesa macho. Nesi alifumba macho. Mama akageuka kwake.

"Binti, ana nini mwanangu?"

Angeweza. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Angesema tu, na wote watatu wangepanda juu kupika upya.

"Muulize mwenyewe, Mama."

"Nimemuuliza."

"Muulize tena."

Mama alishuka ngazi mbili, akaketi, akawa usawa mmoja na mwanawe. Akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa.

"Baba yako alinificha," alisema. "Alikuwa na dawa ofisini, hazikuwahi kufika nyumbani. Watu wa kazini walijua. Rafiki zake walijua. Mimi nililala naye kitanda kimoja, niliambiwa na daktari nisiyemfahamu, yeye mwenyewe akiwa hawezi tena kutamka hata jina langu. Wewe unadhani nilicholia miaka yote hii ni ugonjwa? Mtu huugua, baba. Nilichokilia ni kwamba mume wangu aliniona sifai kuambiwa. Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na uniogope. Unaumwa?"

Yule mwanaume wa kupandisha lifti za maghorofa alilaza kichwa kwenye magoti ya mama yake.

"Nina presha, Mama. Kama ya baba. Sitakiwi kula chumvi."

Mama hakuzimia. Hakupiga kelele. Alikitazama kiganja chake cha kulia, akakigeuza, akakitazama tena.

"Na mimi nimekulisha kwa mkono huu," alisema. "Ukala. Ukaniambia tamu."

Fundi alilia. Mama alimpapasa kichwa bila kumtazama. Alikuwa anamtazama Nesi.

"Nawe nilipokuwa nakusema, ulikuwa unajua."

"Nilijua, Mama."

"Ukanyamaza."

"Haikuwa siri yangu."

"Mwanangu," Mama alisema, na neno hilo halikuwa tena la mtu na mkwe anayejaribiwa. "Twende juu. Machungwa yamebaki. Unielekeze, mimi nitapika, wewe ukae tu."

Hicho ndicho Nesi alichokuwa akikitamani tangu siku ya kwanza alipoingia katika familia ile. Kilikuwa hapo sasa, ananyooshewa. Fundi naye aliinua uso uliolowa, akatabasamu, akifikiri yameisha.

"Umeona?" alimwambia. "Nimemwambia. Yamekwisha, mpenzi. Nisamehe."

Nesi alimtazama. Alimpenda. Hata pale, na kamasi zile, alimpenda.

"Umemwambia kwa sababu ameuliza na kuuliza tena, mpaka akakuzidi nguvu," alisema taratibu. "Mimi nilikuomba tangu uliponivisha pete. Leo nilikuomba mbele ya bakuli. Ukachukua kijiko."

Tabasamu la Fundi lilipotea. "Kwa hiyo tumeachana?"

"Sijui. Mtu aliyechoka haulizwi swali kama hilo." Alisimama kwa kushika ukuta, akainama akambusu Mama mkono, ule ule wa kulia. "Mtama ule wa pakiti, Mama, uoshe mara mbili. Na usiufunike ukiwa wa moto."

"Nesi!" Fundi alisimama. "Nije kesho? Niambie nije saa ngapi, nitakuja."

Nesi alikuwa ameshashuka ngazi kadhaa. Alisimama, lakini hakugeuka.

"Hapo ndipo penyewe," alisema. "Sitakwambia. Nataka siku moja ufanye jambo bila mtu kukuambia."

Akaendelea kushuka, pole pole, mkono kwenye reli. Alisubiri kusikia viatu vya Fundi vikimfuata. Kufika chini alikuwa bado anasubiri.